Fidla ya Dakika ya Sita

Philadelphia, 19 Februari 1978

Binamu Oriano,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, na nisipoliandika kabla ya salamu sitaliandika kabisa. Baba hapigi fidla kwenye opera. Aliacha zamani. Anapiga disko.

Basi, limetoka. Sasa salamu. Sisi hatujambo. Mama bado yuko kwenye kiwanda cha makoti na mgongo unamsumbua. Theluji ilitufika mpaka kwenye kitasa cha mlango, Baba akachimba njia kwa sufuria ya tambi kwa sababu koleo lilikuwa nje, chini ya theluji hiyohiyo. Bibi Argia hajambo? Mwambie picha yake yenye unga puani iko juu ya kitanda changu. Baba Mkubwa Learco mpe shikamoo yangu, na usimpe kitu kingine.

Ninyi huko mnajua Nerio Zoffoli huvaa tai nyeusi na kukaa kiti cha tatu kushoto mwa kiongozi wa okestra. Alikaa kweli, miaka miwili. Kisha ile kampuni ya opera ikafungwa, nikiwa na miaka tisa, na tangu hapo barua zake kwa Baba Mkubwa ni za kutunga. "Msimu huu tuna kazi nzito," humwandikia. Mama humtazama akilamba bahasha.

Unajua kwa nini Baba hawezi kumwambia kweli. Siku tunaondoka Baba Mkubwa alikuja kituoni na fidla ya Babu. Yeye ndiye mkubwa, ilikuwa yake. Nilikuwa mdogo lakini nilisikia: "Nerio, chukua. Mimi nina klarineti yangu na walevi wangu wa Jumamosi. Hii iende ikae na watu wanaokaa kimya."

Sasa fidla ya Babu inakaa na ngoma. Kule studio hawapewi wimbo mzima. Wanapewa wimbo wenye shimo: ngoma ipo, besi ipo, mwimbaji hayupo, na mahali pa fidla ni patupu. Wao ni kumi, wazee wenye miwani na makoti ya kanisani, na mama mmoja wa Kiyahudi, Bi Rivkin, anayefuma soksi kati ya wimbo na wimbo. Wanalijaza shimo. Wanahama viti, wanalijaza tena. Wanahama tena, mpaka watu kumi wanasikika thelathini. Halafu wanarudi makwao bila kujua wimbo unaitwaje.

Santuri anazopewa bure Baba huzisukuma chini ya kitanda zikiwa bado ndani ya nailoni zake. Hazisikilizi. Ninayezisikiliza ni mimi. Hii ni siri ya pili: huwa nashuka chumba cha chini, naweka santuri kwa sauti ndogo, navua viatu na kucheza. Mimi, ambaye darasani nikiulizwa jina natazama dawati. Nikisikia hatua za mtu kwenye ngazi nazima, nachukua pasi, najifanya napiga nguo pasi. Hata sasa nikisikia hatua nitaiingiza karatasi hii ndani ya atlasi. Kiingereza ni lugha yangu ya kusema "sijambo, asante". Ya kwenu ndiyo ya kusema kweli, na bahati mbaya Baba anaisoma.

Nakutumia santuri moja. Ni ile kubwa ya kumbi za dansi. Redioni wimbo huu hukatwa dakika ya tatu, lakini hapa unakwenda dakika nane. Sikiliza ya sita. Kila kitu kinanyamaza, inabaki ngoma, kisha fidla moja peke yake. Ni Baba. Namjua kwa vile anavyoipanda nota kutoka chini, kama mtu anayesita kizingitini. Anapiga kidogo, ananyamaza kana kwamba anamsubiri mtu, anaendelea. Sijui ule wimbo ameutoa wapi, ila nikiusikia nasikia harufu ya unga.

Usimwonyeshe Baba Mkubwa. Nakuapisha.

Nives


Cesenatico, 9 Aprili 1978

Kipanya,

Barua yako imechukua wiki sita. Posta yetu iligoma, ikapumzika, ikagoma tena. Sote wazima. Bibi aligombana na jirani kwa sababu ya jogoo wake. Jogoo sasa ni supu na ugomvi unaendelea. Bahari bado ya baridi, lakini Wajerumani wameshaanza kuoga, hao hawasikii.

Kwanza acha nicheke. Miaka yote hii nakula kwenye meza hii nikiambiwa, "Mtazame baba yako mdogo, yule anasoma nota!" Nikitoka na suruali pana Baba anasema, "Jiheshimu, ukoo huu una mtu kwenye opera." Kumbe mtu wa opera ndiye anayeitikisa suruali yenyewe! Nilicheka mpaka Bibi akaja kuuliza kama naumwa tumbo.

Sijamwambia mtu. Ila Kipanya, ule wimbo ni moto. Baba na bendi yake bado wanapiga kila Jumamosi kwenye ukumbi wa Gualtiero, walsi na polka kama kawaida, lakini siku hizi wakienda kupumzika kuna kijana anapiga santuri nusu saa. Gualtiero ameninginiza mpira wa vioo darini, na bibi mmoja akauliza kama kanisa limefilisika likauza taa zake. Nikamwazima huyo kijana santuri yako, mara moja tu. Ilipofika dakika ya sita na fidla ikanyamaza, watu wakapiga makofi ndani ya ule ukimya. Pa-pa! Hakuna aliyewafundisha. Fidla ikarudi, ikanyamaza, wakapiga tena. Baba alikuwa nje anavuta sigara na mpiga kodiani wake, hakusikia kitu.

Kuhusu wimbo ameutoa wapi, usiniulize leo.

Oriano


Philadelphia, 4 Juni 1978

Binamu Oriano,

Natumaini Bibi amepatana na jirani. Sisi wazima. Mama mgongo umemtulia. Simu hailali: kila siku Baba anaitwa studio, mara nyingine mbili kwa siku moja, na vidole vyake vimeota sugu mpya. Mji mzima unacheza. Harusini kwa akina Iannucci walimlipa mpiga santuri, na wale wazee wa kodiani wakaketi mezani kama wageni. Padri alicheza. Shangazi wa bi harusi alicheza na kijana wa Puerto Riko ambaye mwaka jana asingemsalimia. Mimi nilisimama karibu na makoti.

Nilikuandikia mara moja tu, usimwonyeshe. Wewe ukamwazima mtu. Na kwa nini nisikuulize kuhusu wimbo?

Kwa kuwa hukunijibu, nilimwuliza Baba. Alikuwa anakata kitunguu. Nikajikaza, nikasema, "Baba, kule studio, umewahi kupiga peke yako?"

"Peke yangu? Mimi ni nani?" Akacheka. "Siku moja mashine iliharibika, tukasubiri. Nikawa napasha vidole. Upuuzi wa nyumbani, juu ya ngoma yao, basi tu. Bi Rivkin aliuacha ufumaji, akapiga makofi. Mashine ikapona, tukaendelea na kazi."

"Na walinasa?"

"Wanase nini? Nimekwambia mashine ilikuwa mbovu."

Unaona, Oriano? Hajui kwamba ilikuwa inanasa. Hajui kwamba waliubakiza. Redioni haufiki dakika ya sita, na santuri zake hazifungui. Nilifungua mdomo nimwambie. Halafu nikasema kitunguu kinaniwasha macho, nikatoka.

Nijibu nilichouliza.

Nives


Cesenatico, 27 Agosti 1978

Kipanya,

Bibi hajambo kiasi. Joto kali, mazao mazuri, sungura wamezaa. Basi, hiyo ndiyo habari njema yote.

Wewe uliondoka mdogo, hukumbuki. Baba hufunga kila usiku wa dansi kwa mazurka ya Bibi, dansi ya zamani ya mapigo matatu. Babu alimtungia siku ya harusi yao, haikuandikwa popote, na ni ya vyombo viwili: fidla inauliza, klarineti inajibu. Tangu baba yako aondoke hakuna fidla. Baba hupiga swali kwa klarineti na jibu kwa klarineti, kama mtu anayejisalimia mwenyewe. Sasa umejua harufu ya unga inatoka wapi. Niliijua siku ileile niliyoipata santuri yako, hata kama mapigo matatu yamevutwa yakawa manne. Sikutaka kukuambia.

Sikukuu ya katikati ya Agosti ukumbi ulijaa. Baba akaianza mazurka. Kijana mmoja mtalii kutoka Bologna, kifua wazi, mnyororo shingoni, akapaza sauti: "Wazee! Mnatuibia wimbo wa disko! Tena mnaupiga ukichechemea!"

Watu wakaangua kicheko. Gualtiero, badala ya kumtoa nje, akamwendea Baba jukwaani: "Learco, si unaona wanaupenda? Uchangamshe kidogo."

"Wimbo gani wa disko?" Baba akauliza.

Na yule kijana wa santuri, mpumbavu yule, akadhani atasaidia. Alitaka watu waone kwamba mzee hakuiba. Akaiweka santuri moja kwa moja kwenye dakika ya sita.

Baba alisimama na klarineti mdomoni bila kupuliza. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa jina na marehemu. Vijana wakapiga makofi yao kwenye ukimya, pa-pa. Akaipangua klarineti kipande kwa kipande, akakifuta kila kimoja, akafunga kisanduku. Akasema neno moja tu: "Nerio." Akaondoka na baiskeli bila kuwasha taa.

Nyumbani alisema, "Nilimpa fidla ya baba ikakae na watu wanaokaa kimya. Ameuza mazurka ya mama." Tangu hapo jina la baba yako halitajwi mezani. Barua yake ya mwezi huu iko juu ya redio, haijafunguliwa.

Oriano


Philadelphia, 1 Oktoba 1978

Oriano,

Salamu nitazitoa siku nyingine.

Hajauza! Hajui hata kwamba imetoka! Nilikuandikia mwezi wa sita, na barua yangu ulikuwa nayo. Kwa nini hukumwambia baba yako usiku uleule? Alikuwa kwenye baiskeli, si kwenye ndege.

Na yule kijana wa santuri. Unajua alichodhani. Unajua alitaka nini. Unajua uso wa Baba Mkubwa ulivyokuwa, na watu wote ukumbini walikuwa wakicheka na kumtazama yule wa Bologna. Anayemwona mpigaji usoni, kutoka mbele kabisa, ni nani kama si aliyesimama kwenye meza ya santuri? Ni wewe. Tangu mwanzo ni wewe. Hukumwazima mtu.

Kila siku saa sita posta ikipita Baba hushuka ngazi mbili mbili. Anatazama sakafuni chini ya tundu la barua, anageuza bili moja, anageuza nyingine. "Wamegoma tena huko," anasema.

"Labda," nasema mimi.

Nimekuwa mtu wa kusema labda. Siwezi kukaa. Nikianza hesabu mguu unagonga chini ya meza, tss-tss, tss-tss, mpaka sista anaita jina langu. Nikicheza chini kule naisikia ile dakika inakaribia na nainyanyua sindano kabla haijafika. Mimi ndiye niliyekutumia. Kama nisingekutumia, Baba Mkubwa angekuwa anapiga klarineti yake na Baba anatunga barua zake, na wote wangekuwa na furaha ya uongo, lakini furaha.

Mwambie.

Nives


Cesenatico, 14 Januari 1979

Kipanya,

Heri ya mwaka mpya. Bibi alikula kwa wawili Krismasi. Mpwa wa Gualtiero ameoa.

Ndiyo, ni mimi. Nimekuwa nikipiga santuri kwa Gualtiero tangu Novemba ya mwaka juzi. Baba aliambiwa kwamba nabeba vinywaji. Usiku wa ile sikukuu alijua, maana mkono uliokuwa kwenye sindano ulikuwa wangu, lakini hajaniambia kitu mpaka leo. Ananipitishia mkate. Afadhali angenizaba kofi.

Siku mlipopiga simu Krismasi alikwenda kuwapa sungura majani. Alikaa huko simu nzima. Sungura wenyewe walishangaa.

Nilimwambia, Nives. Nilimwambia yote: mashine mbovu, kupasha vidole, hajui. Akasema, "Mwanamume asijue mkono wake umekwenda wapi?" Nikamwambia Nives kaandika. Akasema, "Mtoto anamtetea baba yake, ni haki yake. Yeye mwenyewe je, kasema nini?" Lakini yeye mwenyewe hajaulizwa. Je, wewe umemwambia wako? Unanituma mimi mlangoni kwa simba wangu, kwa wako unasingizia kitunguu.

Gualtiero sasa anaita bendi Jumamosi moja tu kwa mwezi. Zilizobaki ni zangu. Nakula kwenye meza ya mtu ambaye nimemchukulia kiti, na yeye ndiye anayenipakulia.

Jambo moja zaidi. Bibi alinishika nikiisikiliza ile santuri jikoni. Alikuwa anasukuma tambi. Akasimamisha mti wa kusukumia, akasema, "Mkono wa Nerio umekuwa mzito. Anakula vizuri?" Kama vile baba yako yuko chumba cha pili! Sasa kila alasiri anataka nimwekee. Nilimwambia Baba amekasirika. Akajibu, "Akasirikie kitu chake. Mazurka ni yangu, nilitungiwa mimi. Mimi nimemlalamikia mtu?" Na wakati inapigwa, Baba huwa yuko kwenye ngazi za nje, anafunga kamba za viatu. Anafunga muda mrefu sana.

Oriano


Philadelphia, 29 Julai 1979

Binamu Oriano,

Natumaini hamjambo wote na joto si kali. Nimekaa na barua yako tangu baridi, nikiogopa swali lako. Mama mzima. Mimi nimefaulu darasa.

Huku disko imekufa, Oriano, na imekufa kwa kelele. Chicago, kwenye uwanja wa besiboli, kati ya mechi mbili, walikusanya santuri kwenye kreti wakazilipua, na maelfu ya watu wakaruka ukuta kuingia kushangilia. Tuliona kwenye televisheni, Baba na kijiko mkononi. Wiki iliyofuata wavulana wa kona yetu wakachoma zao kwenye pipa la taka. Moshi wake mweusi unanata kooni. Mmoja wao ni Iannucci mdogo, aliyecheza mpaka shati likachanika kwenye harusi ya dada yake. Nilitaka kumwuliza nani alikuwa yule, lakini unanijua. Na maneno waliyokuwa wakipiga kelele hayakuwa ya muziki. Yalikuwa ya watu weusi, ya Wapuerto Riko, ya wanaume wanaocheza na wanaume. Muziki ulikuwa ni kuni tu.

Redio moja iliacha kupiga disko mchana mmoja, katikati ya matangazo. Simu yetu ilianza kunyamaza tangu masika. Sasa imekuwa pambo. Bi Rivkin alimpigia Baba: studio wamenunua sanduku lenye vibonye kama kinanda, linatoa sauti ya fidla thelathini. "Ila Nerio," akasema, "halifumi soksi." Baba alicheka. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka. Sasa anauza jibini sokoni, kwenye kibanda cha rafiki yake, na fidla ya Babu iko juu ya kabati.

Siku ya moshi niliogopa, nikaanza kuzitoa santuri chini ya kitanda chake nizifiche darini. Akanikuta.

"Unafanya nini?"

"Nazificha. Wasizichome."

"Ziache. Hazina jina langu."

Hapo ndipo ningemwambia kwamba moja inalo, kwa wanaojua kusikia. Nilikuwa nimeishika, Oriano, ilikuwa mkononi. Alipokuwa na kazi niliogopa kumharibia. Sasa hana, naogopa kumwongezea. Saa sita bado anainama kutazama chini ya tundu la barua. Hasemi tena kwamba mmegoma.

Nives


Cesenatico, 12 Novemba 1979

Nives,

Leo sikuiti Kipanya. Bibi hajambo na anakubusu.

Huku hatukupata habari kwamba imekufa. Vijana wa pwani wameanza kuitengeneza wenyewe kwa mashine, vyumbani kwao, hawaisubiri Amerika. Gualtiero anajenga ukumbi wa pili. Kwa hiyo amemwambia Baba kwamba sikukuu ya Mtakatifu Martino itakuwa dansi ya mwisho ya bendi. Ilikuwa jana.

Wiki iliyopita Baba alikuja chumbani kwangu. Hajawahi kuja. Akakaa kitandani, akasema, "Niwekee." Nikaweka. Ikafika dakika ya sita. "Rudisha." Nikarudisha. "Tena." Halafu akanyanyua kidole kwenye ule ukimya.

"Unasikia anavyonyamaza pale?"

"Hapo ndipo watu wanapiga makofi, Baba."

"Makofi nini, ng'ombe ninyi! Pale ni pangu. Pale ni klarineti. Kapiga swali, akangoja jibu langu lote, mpaka mwisho, ndipo akaendelea. Hakulipiga jibu yeye mwenyewe. Anayeuza kitu haachi nusu yake." Akatazama dirishani. "Mshenzi yule ameniwekea nafasi yangu huko Amerika, katikati ya kelele zote zile."

Jana, mwisho wa usiku, hakuipiga mazurka kama siku zote. Aliniambia niweke ngoma, ngoma tupu, ya disko, mapigo manne. Wazee wakaguna. Akasimama mbele ya maikrofoni, akanipa ishara ninase kwenye kaseti. Akapiga majibu tu. Penye maswali ya fidla alinyamaza, akaitoa klarineti mdomoni, akasubiri, akapuliza tena mahali pake. Ukumbi ulikuwa na watu mia tatu, hakuna aliyepiga kofi.

Kaseti hiyo hapo. Nikamwambia aandike barua iende nayo. Akasema, "Sijui kuandika vitu hivyo. Mpelekee msichana. Ndiye aliyeileta huku, ndiye ataipeleka."

Anajua kila kitu, Nives. Zamu yako.

Oriano


Philadelphia, Jumapili, 9 Desemba 1979

Binamu Oriano,

Salamu nyingi kwenu wote. Mpe Bibi busu lake. Baba Mkubwa mpe shikamoo yangu, na safari hii mpe na mengine yote utakayotaka.

Kaseti ilifika Alhamisi. Bahati nilikuwa nyumbani, nikaiwahi posta kabla ya Baba. Unaona tabia hiyo? Hata kitu alichotumiwa yeye nilimtangulia kukichukua. Akainama, akakuta bili ya gesi, akaipeleka jikoni.

Nimeisikiliza chini hapa mara nyingi. Kwenye mashimo si kimya kabisa. Kuna kiti kinalia, kuna mtu anakohoa, halafu, karibu kabisa, kuna pumzi ya Baba Mkubwa. Anavuta pumzi kabla ya kujibu swali ambalo halijaulizwa. Mara ya kwanza mguu wangu ulikuwa unagonga sakafu. Mara ya mwisho ulikuwa umetulia, sijui tangu lini.

Ijumaa nilitaka kumwambia, akawa amechoka. Jana nilitaka, wakaja wageni. Unajua mimi nina sababu za kutosha mpaka Pasaka. Kwa hiyo leo, Mama alipokwenda kwa jirani na Baba akatoka kununua gazeti, nilipanda kiti nikaishusha fidla ya Babu juu ya kabati. Ina vumbi, na uzi mmoja umelegea. Nimeileta chini hapa, nimeiweka juu ya meza ya pasi, na upinde pembeni yake. Mashine ya kaseti ipo karibu. Santuri nayo ipo, nimeitoa kwenye nailoni yake. Ataanza nayo, asikie alichokiacha, halafu asikie kilichorudi. Barua zako zote nimezitoa kwenye atlasi, nimezipanga kwa tarehe. Atazisoma na zile za kunisema mimi. Sawa.

Atanikasirikia. Atajua kwamba mwaka mzima na zaidi nilikuwa namtazama akiinama pale mlangoni huku najua. Nimejaribu kutafuta namna ya kulisema hilo kwa upole, kwa lugha zote mbili, sikuipata. Nitalisema lilivyo.

Mlango wa juu umefunguka. Anapangusa viatu. Anaita, "Nives? Mbona juu ya kabati ni patupu?"

Oriano, naandika upesi. Amefika jikoni. Ameona kiti. Anakuja kwenye ngazi, nazisikia hatua zake, za taratibu, si za kushuka mbili mbili. Mkono wangu wa kushoto umeshaifuata atlasi wenyewe, kwa mazoea, nimeurudisha. Karatasi hii iko hapa mezani, uso juu, wino haujakauka.

Yupo nyuma ya mlango. Anasita kizingitini, kama anavyoipanda nota. Nimesema, "Ingia, Baba."